Namna ya Kuuchunguza Uchumi wa Mji Mdogo wa Mashambani na Kuvitengeneza Vivutio Vyake

Kila anapotajwa mgeni, msemo unaotangulia midomoni ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mji mdogo unaotaka kujulikana na wageni hauna budi kuuchukua msemo huo kwa uzito wake wote, hasa nusu yake ya pili, kwa sababu mipango mingi ya utalii wa mashambani huishia kwenye nusu ya kwanza: bango hupakwa rangi, kipeperushi huchapishwa, mgeni huja, hupiga picha na kuondoka, na mwenyeji hubaki kama alivyokuwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, afisa maendeleo, mwalimu au kikundi cha wananchi kilichopewa kazi ya kuueleza uchumi wa mji mdogo na kuvipanga vivutio vyake. Njia ninayoipendekeza hutanguliza fedha kabla ya mandhari. Jua kwanza fedha huingiaje mjini, huzunguka mara ngapi na hutoka kwa mlango gani, ndipo uamue kivutio kipi kinastahili kutengenezwa. Anayeanza na mandhari huweza kutumia miaka mingi akiyatangaza maporomoko ya maji ambayo faida yake yote humwendea mwenye basi anayeishi mji mwingine.

Mji na vijiji vyake

Mji mdogo hauishii pale nyumba zake zinapokoma. Mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller, katika utafiti alioutoa mwaka 1933 kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani, alieleza kwamba mji huwepo kwa sababu huwahudumia watu wanaoishi nje yake, na kwamba kila huduma ina mambo mawili ya kupimwa: idadi ya chini kabisa ya wateja inayoiwezesha kuendelea, na umbali ambao mtu yuko tayari kuusafiri ili aipate. Duka la mahitaji ya kila siku hutosheka na wateja wachache wa jirani, ilhali daktari wa meno au muuza vipuri vya matrekta huhitaji maelfu ya watu waliotawanyika katika eneo pana. Nadharia hiyo ilijengwa juu ya nchi tambarare isiyo na milima wala mito ya kuzuia njia, kwa hiyo usitarajie ramani yako ifanane na michoro yake ya pembe sita. Lililo muhimu ni swali lake: mji huu unawahudumia nani, na wanatoka umbali gani?

Swali hilo hujibiwa kwa miguu. Chagua siku moja ya soko na siku moja isiyo ya soko, kisha weka watu wawili stendi na wawili kwenye kila njia kuu inayoingia mjini, kuanzia alfajiri hadi jioni, wawaulize wanaoingia mambo matatu tu: umetoka wapi, umefuata nini, na kama usingekipata hapa ungekwenda wapi. Swali la tatu lina thamani kuliko mengine yote, kwa kuwa humtaja mshindani wako waziwazi na huonyesha ni huduma zipi zinawaleta watu kwa hiari na zipi zinawaleta kwa kukosa njia nyingine. Majibu yakishakusanywa, tia alama kwenye ramani kila kijiji kilichotajwa na uchore mstari unaovizunguka vingi vyao. Eneo lililo ndani ya mstari huo ndilo mji wako kwa maana ya kiuchumi, hata kama mipaka ya kiutawala inasema vingine.

Wakati huohuo andaa kalenda ya miezi 12, ukionyesha mavuno huja lini, shule hufunguliwa lini, mvua hukata barabara ipi na kwa muda gani, na ni wiki zipi wenye maduka hukaa barazani bila mteja. Kalenda hii huonekana kuwa jambo dogo, nayo hupuuzwa mara nyingi, lakini utairudia utakapofika wakati wa kuamua wageni waje lini.

Milango ya fedha

Fedha huingia katika mji mdogo kwa milango minne mikuu: mazao na bidhaa zinazouzwa nje ya mji, mishahara ya watumishi wa umma pamoja na pensheni za wastaafu, fedha zinazotumwa na wenyeji wanaofanya kazi kwingine, na matumizi ya wageni. Shughuli nyingine nyingi, kama kinyozi, fundi viatu na muuza mboga, huzizungusha fedha zilizokwisha kuingia. Kusema hivyo si kuzidharau, kwa sababu bila wao fedha hizo zingetoka siku hiyohiyo; ni kutofautisha tu chemchemi na mfereji. Katika miji mingi midogo mlango wa pili ni mpana kuliko wenyeji wanavyodhani. Shule ya bweni, hospitali au ofisi ya wilaya huweza kulisha maduka mengi kuliko shamba kubwa linalotajwa katika kila hotuba, na kuifunga au kuihamisha taasisi kama hiyo huuumiza mji kwa kiasi ambacho hakionekani mpaka kitokee.

Ili kujua mji umebobea katika nini, wachumi hutumia kipimo rahisi cha kulinganisha. Chukua sehemu ya wafanyakazi wa mji walio katika shughuli fulani, uigawe kwa sehemu ya wafanyakazi wa nchi nzima walio katika shughuli hiyohiyo. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kwamba mji una wafanyakazi 2,000 na kati yao 300 wako katika kazi za mbao, yaani asilimia 15, ilhali katika nchi nzima kazi hizo zina asilimia 3 ya wafanyakazi. Kugawa 15 kwa 3 hutoa 5, na jibu lililo juu sana ya 1 huashiria kwamba mji unazalisha mbao kupita mahitaji yake na kuuza ziada nje. Jibu la 1 au karibu nalo humaanisha kwamba shughuli hiyo inajitosheleza tu. Takwimu za kulinganisha hupatikana katika ripoti za sensa na tafiti za nguvukazi, lakini kwa mji mdogo zikague kwa macho, kwa maana kiwanda kimoja kikifungwa baada ya sensa, hesabu yote hubadilika.

Jibu kubwa sana ni habari njema na ni onyo. Mji wenye 5 au 10 katika shughuli moja unasimama kwa mguu mmoja.

Fedha huvujia wapi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa kuwa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapokuwa na upungufu. Taasisi ya utafiti ya New Economics Foundation ya nchini Uingereza iliandaa kipimo kinachoitwa LM3, ambacho hufuatilia fedha kwa mizunguko mitatu tu, na uzuri wake ni kwamba kinaweza kufanywa na watu wa kawaida wenye daftari na subira. Mzunguko wa kwanza ni mapato ya biashara unayoichunguza. Mzunguko wa pili ni kiasi ambacho biashara hiyo hukitumia ndani ya mji, kwa mishahara ya wakazi na manunuzi kwa wauzaji wa hapohapo. Mzunguko wa tatu ni kiasi ambacho wakazi na wauzaji hao nao hukitumia ndani ya mji. Jumlisha mizunguko yote mitatu, kisha ugawe kwa mapato ya mwanzo.

Fikiria nyumba mbili za wageni, kila moja ikipata 100 kwa mwezi, katika fedha yoyote unayoitumia. Ya kwanza inanunua vyakula kwa wakulima wa karibu, shuka zake zinashonwa na fundi wa mjini, na wahudumu wake ni wakazi. 60 katika ile 100 hubaki mjini, na wanaoipokea nao hutumia asilimia 60 yake palepale, yaani 36. Jumla ni 196, na kipimo ni 1.96. Ya pili inamilikiwa na kampuni ya mbali, huletewa kila kitu kwa lori mara moja kwa wiki, na huwalipa wakazi wachache tu. 20 hubaki, kisha 4. Jumla ni 124, na kipimo ni 1.24. Mgeni aliyelala katika nyumba hizi mbili amelipa kiasi kilekile na huenda ameridhika sawasawa, lakini katika nyumba ya kwanza amewanufaisha watu wengi mjini, na katika ya pili wachache mno.

Ili kupata takwimu hizo, usimwulize mwenye biashara faida yake, kwa maana hatakwambia na hana sababu ya kukwambia. Mwombe orodha ya matumizi ya mwezi mmoja, bila jina la biashara yake kuandikwa popote, na umwahidi kwamba majibu yake yatachanganywa na ya wengine kabla ya kusomwa hadharani. Ahadi hiyo uitimize kikamilifu, kwa sababu katika mji mdogo siri ikivuja mara moja hutapata tena mtu wa kukujibu. Ukishapata orodha 10 au 15, utaanza kuona vitu vilevile vikinunuliwa nje na kila mmoja. Kila kitu cha aina hiyo ni tundu, na si kila tundu huzibika: mafuta ya gari na vifaa vya umeme vitaendelea kutoka mbali. Lakini mayai, mkate, samani, ufuaji wa nguo, uchapishaji na matengenezo ya majengo vinaweza kupatikana mjini iwapo kuna mtu anayejua kwamba soko lipo. Mara nyingi hajui. Nina imani kwamba orodha hiyo ya matundu, ikibandikwa mahali watu wanapopita, huleta ajira mapema kuliko kipeperushi chochote cha utalii.

Mfano wa kijiji cha Kamikatsu, katika kisiwa cha Shikoku nchini Japani, unastahili kutajwa hapa kwa kuwa mafanikio yake yalianzia kwenye uzalishaji. Baridi kali ya mwaka 1981 iliua michungwa iliyokuwa tegemeo la wakulima. Mshauri wa kilimo Tomoji Yokoishi aligundua kwamba mikahawa ya mijini ilihitaji majani na maua ya kupambia sahani, vitu vilivyojaa kwenye miteremko ya kijiji na ambavyo wenyeji walikuwa hawajavihesabu kuwa mali. Biashara ilianza mwaka 1986, na waliokuja kuwa nguzo yake ni wanawake wazee, ambao majani hayo mepesi yaliwafaa kuliko magunia ya machungwa; baadaye walijifunza kupokea oda kwa kompyuta, na aina za majani zikafika mamia. Mwaka 2003 kijiji hichohicho kilitangaza azma ya kutozalisha taka, na kikaanza kupokea watu kutoka nchi nyingi wanaokuja kujifunza. Wageni walifuata kazi iliyokuwa tayari imeshika mizizi.

Kukiona kivutio kilipo

Baada ya hesabu za fedha, tembea. Nenda na watu wa namna tatu: mzee aliyeishi mjini maisha yake yote, kijana anayefikiria kuhama, na mtu ambaye hajawahi kufika. Mzee atakueleza jengo lilikuwa nini zamani. Kijana atakuonyesha bila kuficha mahali panapochosha. Mgeni atasimama ghafla mbele ya kitu ambacho wenyeji wamekizoea mpaka hawakioni tena. Andika kila anaposimama na muulize kwa nini.

Katika kuorodhesha, jitahidi usiandike "mandhari nzuri" wala "watu wakarimu". Kila mji duniani hujisifu hivyo, na msomaji hawezi kuamua safari kwa sifa hizo. Andika kitu, mahali, umbali kutoka stendi, muda unaohitajika kukiona, mmiliki wake, na miezi ambayo hakifikiki. Kisha, mbele ya kila kimoja, jibu swali la mwanzo: mgeni akija kukiona, ni mkono wa nani utakaopokea fedha yake? Kivutio kisicho na jibu hakifutwi, ila kinahitaji kuunganishwa na shughuli yenye jibu. Mtazamo ulioko kilimani huwa na faida pale njia yake inapopitia karakana ya mfinyanzi, na pale kijana wa hapo anapolipwa ili aeleze kinachoonekana chini.

Mji wa Hay-on-Wye, uliopo Wales karibu na mpaka wa Uingereza na wenye wakazi wasiofika 2,000, ni mfano bora wa kivutio ambacho chenyewe ni biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Booth alifungua hapo duka la vitabu vilivyokwisha kutumika, akaendelea kuyajaza vitabu majengo yaliyokuwa yamebaki matupu, na wengine wakafuata mpaka mji ukajulikana kwa maduka ya vitabu. Tarehe 1 Aprili 1977 alijitangaza kuwa mfalme wa Hay huru, jambo lililopelekwa na magazeti mbali sana, na mwaka 1988 tamasha la fasihi likaanzishwa. Mgeni anayekuja Hay hawezi kuufaidi mji bila kuingia katika duka la mtu anayeishi pale. Wigtown, mji mdogo wa Scotland uliokuwa umepoteza ajira zake kuu, ulifuata njia hiyo na kutangazwa rasmi kuwa mji wa vitabu wa nchi hiyo mwaka 1998.

Chemainus, katika kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, ulichagua njia tofauti. Kiwanda chake cha kupasulia mbao kilifungwa mwaka 1983, na mji ukaendeleza mpango ulioanza mwaka mmoja kabla wa kuchora historia yake kwenye kuta za majengo. Michoro hutazamwa bure, hivyo faida yake hutegemea kabisa kuwapo kwa mahali pa kuketi, kula na kununua kati ya ukuta mmoja na mwingine. Leavenworth, katika jimbo la Washington nchini Marekani, nao ulikuwa mji wa mbao uliodidimia, na katika miaka ya 1960 wenye maduka walizibadilisha sura za majengo yao zifanane na za vijiji vya milimani vya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Wamefanikiwa mno, na milima inayouzunguka mji iliwasaidia. Hata hivyo mimi nisingemshauri mtu kuanzia hapo. Sura ya kuazima ni ghali kuitunza, na mji mwingine wowote wenye rangi na mbao unaweza kuiga. Historia ya mji wako haiwezi kuigwa.

Siku ya mgeni

Kabla ya kumwita mtu yeyote, mtume rafiki asiyefahamika mjini afike kwa basi Jumapili jioni, akiwa na begi, bila kumjulisha mtu. Aone kama kuna kibao kinachomwelekeza pa kulala, kama choo cha stendi kina maji, kama kuna pa kula baada ya saa mbili usiku, na kama namba ya simu iliyoandikwa mtandaoni inapokelewa. Kesho yake ajaribu kuviona vivutio vitatu kwa saa zilizotangazwa. Taarifa yake itawachoma wengi, lakini kasoro nyingi atakazozitaja hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Sasa irudie ile kalenda ya miezi 12. Kishawishi cha kila mji ni kuweka tamasha katika msimu ambao watu tayari wamejaa, ilhali faida kubwa iko katika miezi ya kimya. Parkes, mji wa mashambani katika jimbo la New South Wales nchini Australia, una darubini kubwa ya redio iliyozinduliwa mwaka 1961, ambayo ilisaidia kupokea picha za televisheni wanadamu walipotua mwezini mwaka 1969. Lakini Januari ni mwezi wa joto kali na biashara hafifu huko, na mwaka 1993 wakazi wakaanzisha tamasha la kumkumbuka mwimbaji wa Marekani Elvis Presley, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1935. Tamasha lilianza na watu kama mia mbili na sasa huvuta maelfu kwa makumi. Kwa kuwa vyumba vya kulala havitoshi, wakazi hupangisha vyumba vya nyumba zao wenyewe, na fedha huingia moja kwa moja mifukoni mwao. Elvis hakuwahi kufika Parkes. Kilichowafaa ni tarehe.

Kiasi

Weka kikomo kabla ya kukihitaji. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi wasiozidi 800 na chumvi iliyochimbwa tangu zama za kale, kiliingizwa pamoja na eneo lake katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2012 nakala yake ikafunguliwa katika jimbo la Guangdong nchini China. Siku za msongamano hupokea wageni hata 10,000. Mwaka 2020 kijiji kiliweka utaratibu wa mabasi kujiandikisha muda wa kuingia, na mwaka 2023 mamlaka zilisimamisha uzio wa mbao mahali palipopendwa na wapiga picha, kisha zikauondoa baada ya lawama. Wanaoshuka kwa saa mbili hutumia njia, vyoo na utulivu wa wenyeji, na huacha kidogo sana kuliko yule anayelala.

Kwa hiyo hesabu matangi ya maji, matundu ya vyoo, nafasi za kuegesha magari na vitanda, na chukua kilicho kichache zaidi kiwe ndicho kikomo chako cha siku. Iulize pia mitaa iliyo karibu na kivutio ni siku zipi isingependa kupokea mtu, na siku hizo ziandikwe kwenye tangazo.

Utakapoandika taarifa ya mwisho, kila takwimu iwe na mwaka wake na namna ilivyopatikana, na matundu ya fedha yatangulie picha za vivutio. Isome kwenye mkutano wa hadhara kabla ya kuipeleka ofisini, kwa kuwa watakaoisahihisha vizuri zaidi ni wale uliowahoji stendi. Mwaka unaofuata, katika wiki ileile, warudishe watu wawili stendi na wawili kwenye kila njia, na maswali yaleyale matatu, pamoja na jipya la nne kwa kila mgeni atakayekuwa anaondoka: ulilala wapi, na ulimlipa nani?